Kitenzi kilinidanganya mchana kweupe

Jana nilikaa na zoezi la kusahihisha sentensi za Kiingereza, nikijiona mjanja. Sentensi ya nne ikanivua nguo:

"The manager, along with her assistants, are responsible for hiring staff, training them and to write reports."

Nilisoma mara tatu nikaona "are" iko sawa! Sikio lilisikia "assistants", wengi, likapitisha "are" bila kuuliza. Kumbe kiima ni "manager", mtu mmoja. Hicho kipande kinachoanza na "along with" kimebandikwa tu katikati ya alama za mkato. Kikitolewa, sentensi inasimama. Kwa hiyo ni "is". Mwandishi angeandika "and" badala yake, wangekuwa wengi kweli, na "are" ingekaa.

Kinachoniudhi ni kwamba kwa Kiswahili nisingeteleza. Nani husema "orodha ya vitabu vimepotea"? Ni "imepotea", kiambishi kinafuata orodha. Kiingereza kinakuachia "s" moja ya kuvizia mwishoni mwa kitenzi, tena mara nyingine hata hiyo haipo.

Kosa la pili nililiona haraka: "hiring", "training", halafu ghafla "to write". Vitu vitatu kwenye safu moja, viwili vimevaa sare, cha tatu kimekuja na nguo za nyumbani. "Writing reports", basi.

Sasa kabla ya kugusa kitenzi nafunika kila kilichopo kati yake na kiima kwa kidole. Naonekana kama mtoto wa darasa la kwanza, lakini sentensi ya tisa nimeipata.