Siku moja maishani mwangu: mipira 73 ya Blake Snell

Saa kumi na moja alfajiri. Jumanne, 27 Oktoba 2020, Arlington, Texas. Naamka gizani, nje baridi inauma. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na leo nina zamu mbili kwa mzee mmoja, maana mwenzangu anaumwa. Ile ya jioni nimeipokea kwa furaha. Usiku huu ni mechi ya sita ya fainali ya besiboli, na uwanja uko mji huu huu.

Saa moja asubuhi. Navaa barakoa, nanawa, nampima Mzee joto na presha. Ratiba inasema aoge saa mbili, lakini mkono wake wa kulia unatetemeka kuliko jana. Nampa chai kwanza, kuoga kutasubiri. Ujanani alikuwa mrushaji wa timu ya shule yake, na ndiye aliyenifundisha mchezo huu wote, kuanzia zile ngwe tisa, ambapo katika kila ngwe timu mbili hupiga kwa zamu hadi watatu wao watolewe.

Saa nne. Huku nikimnyoosha miguu, tunabishana. Dodgers wa Los Angeles wanaongoza mechi 3-2, na bingwa ni wa kwanza kushinda nne, kwa hiyo Rays wa Tampa Bay wakifungwa leo basi. Atakayewaanzia ni Blake Snell. Mzee anasema kocha wao Kevin Cash atamtoa mapema, kwa sababu hesabu inaonyesha mpigaji akikutana na mrushaji yule yule mara ya tatu katika mechi moja, huwa ameshamzoea. Rays hawana fedha za Dodgers. Hesabu za namna hiyo ndizo zilizowafikisha hapa, na mwaka huu wote Snell hajamaliza ngwe ya sita hata mara moja. Mimi nasema fainali ni fainali.

Saa saba mchana. Nyumbani. Mama anapiga simu kutoka Tanga, huko saa tatu usiku. Anauliza kama bado naangalia ule mchezo wa rungu. Nalala kwa muda wa saa mbili.

Saa moja jioni. Kwa sababu ya korona wamo watazamaji 11,437 tu. Ngwe ya kwanza, Randy Arozarena anaupiga mpira unatua kwa mashabiki: Rays 1-0. Kisha Snell anaanza kazi. Sijawahi kuona mtu akirusha hivi. Mookie Betts, Corey Seager na Justin Turner, wapigaji watatu wa mwanzo wa Dodgers, kila mmoja amekuja mara mbili na mara zote mbili ametolewa kwa straiki tatu, yaani mirusho mitatu mizuri iliyomshinda. Mzee hata supu hajaigusa.

Saa tatu usiku, ngwe ya sita. Mmoja ameshatoka. Austin Barnes wa Dodgers anaupiga mpira na kufika besi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vinne vya kuzunguka ili kupata pointi, na huo ni mpigo wa pili tu dhidi ya Snell usiku kucha. Amerusha mipira 73, amewatoa tisa kwa straiki. Anayefuata ni Betts. Cash anatoka nje kumchukua.

Nilisimama. Naielewa hesabu ile, lakini hesabu kamili humpima pia anayeingia. Aliyeingia ni Nick Anderson, ambaye katika mechi sita mfululizo alizoingia kabla ya hiyo alikuwa ameruhusu pointi. Betts akampiga mpigo wa besi mbili. Mpira mmoja ukamponyoka Anderson, Barnes akaingia, 1-1. Seager akausukuma mpira chini, Betts akafika nyumbani, 2-1. Kazi yote ya Snell ikafutika kabla sijaketi.

Upande wa pili Dave Roberts, kocha wa Dodgers, alibadilisha warushaji kama nguo, Tony Gonsolin aliyeanza hakumaliza hata ngwe mbili. Ila alipompata Julio Urías amesimama imara, alimwacha aendelee. Urías aliwatoa saba, wote aliokutana nao. Betts akaongeza pointi ya tatu, 3-1, na Dodgers wakapata ubingwa wao wa kwanza tangu 1988.

Saa tano usiku. Dawa za usiku. Mzee hataki kulala. Anasema yeye Betts angemrushia chini, nje kidogo, mpira unaokata kona. Akaniomba soksi, nikazikunja mviringo. Akazishika kwa vidole viwili juu na gumba chini, akanionyesha.