Maji ya jaruba letu

Jana nimeshuka Ubaruku, huku Mbarali, kuangalia majaruba yetu ya mpunga, nakuta maji yamejaa mpaka yanamwagika njiani na mpunga wenyewe ulishavunwa jamani! Nikamuuliza baba mdogo mbona hujaziba mfereji, akacheka, "Mwanangu, nikiziba mimi, jirani ataziba?"

Hapo ndo nlipokwama. Maana haya maji yalitakiwa yaende zake kwenye kinamasi cha Ihefu, yaingie mto Ruaha Mkuu, yapite Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mpaka Mtera na Kidatu kwenye mitambo ya umeme, lakini tangu 1993 mto unakauka kiangazi kule hifadhini, viboko wanabanana kwenye vidimbwi vya tope. Alafu umeme ukikatika hapa Mbeya wa kwanza kulalamika nani? Mimi.

Tulisema sana wanaokausha mto ni wafugaji, wafugaji, sawa, wengi wakaondolewa bonde letu hili la Usangu 2006 na 2007, na mto bado ukaendelea kukauka. Mchele wa Mbarali tunausifia (watu wa Kyela tulieni kidogo) ila hatusemi unakunywa kiasi gani.

Nikachukua jembe nikaziba mwenyewe. Leo asubuhi baba mdogo kanipigia, eti jirani kaja kuuliza nani kamkatia maji.