Mahali pa Mshauri Nasaha Kusemea

Tumekutana tena jioni ya leo, na nimeona nisilale kabla ya kuandika kuhusu kikundi chetu cha washauri nasaha Wakristo wenye ofisi binafsi, kwa sababu wiki hii kijana mmoja aliyehitimu karibuni, ambaye anataka kufungua ofisi yake mwenyewe ya ushauri nasaha hapa Nairobi, aliniuliza kama kazi hii ina upweke, na swali hilo si la kujibiwa kwa simu.

Upweke wetu hautokani na kukosa watu. Mimi huwa na watu tangu asubuhi, na wengine huniambia mambo ambayo hawajawahi kumwambia mama mzazi. Tatizo ni kwamba yote ninayoyasikia yanaishia kwangu. Mshauri aliyeajiriwa hospitalini ana mwenzake katika chumba cha pili, na hata wakinyamaza wote wawili juu ya kikombe cha chai, kila mmoja anajua mwenzake ananyamazia nini. Mwenye ofisi binafsi humsindikiza mteja wa mwisho, hufunga mlango, hupanda matatu ya Ngong Road pamoja na habari zote za siku hiyo, na akifika nyumbani hana ruhusa ya kuzitaja. Mume wangu amezoea kuniuliza kama siku ilikuwa nzito au nyepesi. Mimi hujibu kwa neno moja, naye haendelei kuuliza, na kwa hilo namshukuru.

Watu wengi hudhani kwamba Mkristo hawezi kuwa na shida hii kwa kuwa analo kanisa. Ninalo, nami nalipenda, na ushirika wetu wa nyumbani umenibeba katika misiba yangu mwenyewe. Lakini kanisa ndiko wanakotoka wengi wa wateja wangu. Hutokea nikaketi ibadani nyuma ya mtu ambaye naijua ndoa yake kuliko anavyoijua dada yake, nami nikapita bila kumsalimu mpaka anisalimu yeye kwanza, kwa kuwa ndivyo tulivyokubaliana katika kikao cha kwanza. Anayetutazama kwa mbali huenda akadhani nina majivuno. Tena wapo waumini wanaouliza, kwa upole lakini bila kuchoka, kwa nini ninatoza ada kwa jambo ambalo Mungu alinipa kama karama. Fundi wa viatu aliye mwumini mwenzetu sijasikia akiulizwa swali hilo.

Kuna pia suala la maombi, na hapa nitasema waziwazi. Katika ushirika mwingi, mahitaji ya maombi hutolewa hivi: tumwombee dada mmoja, sitamtaja jina, yule aliyehamia karibu na kituo cha basi mwezi uliopita. Kabla ya amina kila mtu amekwisha kumtambua. Huo ni umbea uliofumba macho. Mshauri nasaha akizoea kuomba kwa namna hiyo atavunja siri za watu akiwa amepiga magoti, ilhali Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 imetufanya kuwa wanataaluma wa kusajiliwa na kuwajibishwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya ya mtu, na hata za familia yake, kuwa data nyeti. Kwa hiyo katika ushirika wangu naomba niombewe kazi, basi, na wenzangu wamezoea kwamba maelezo hayatafuata.

Upande wa taaluma nao umenipa mengi. Msimamizi wangu wa kwanza, yaani mshauri mzoefu niliyempelekea kazi yangu tuipitie pamoja, hakuwa mtu wa dini yoyote, na mpaka leo sijakutana na sikio lililo makini kuliko lake. Huwa namkumbuka ninaposoma Kutoka 18, ambapo Yethro, kuhani wa Midiani na mgeni katika kambi ya Israeli, anamtazama Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, ndipo anapomwambia kwamba jambo hilo litamchosha yeye na watu wake pia. Hata hivyo, yako maswali ambayo msimamizi yule aliyaheshimu bila kuweza kuyaingia. Mteja anaponiomba tuombe pamoja mwishoni mwa kikao, je, anatafuta faraja, au anaikimbia hasira ambayo tumeifikia dakika chache kabla? Na mteja ambaye mhubiri amemwambia atupe dawa zake za bipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, kwa kuwa amekwisha kuponywa, nizungumze naye vipi ili arudi kwa daktari bila kuhisi kwamba nimemdharau Mungu wake, ambaye ndiye Mungu wangu? Asiyeamini huona jibu la swali hili kuwa rahisi. Ndugu zangu wengine kanisani nao huliona rahisi, ila jibu lao ni kinyume chake.

Kikundi chetu kilianzishwa na mama mmoja aliyeingia katika kazi hii baada ya bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998, lililoua zaidi ya watu 200 hapa jijini na kujeruhi maelfu. Yeye husimulia jinsi watu ambao hawakuwa na jeraha lolote mwilini walivyokuwa wakifika wakisema tu kwamba hawawezi kulala, na jinsi washauri wenyewe walivyorudi nyumbani usiku bila mtu wa kuwauliza wao wanaendeleaje. Tuko sita: Waanglikana, Wapresbiteri, Mpentekoste mmoja, na mtawa wa Kikatoliki ambaye ndiye mcheshi kuliko sisi wote. Tunapokezana ofisi, kwa hiyo nimekwisha kujua kiti cha kila mmoja kinavyolia.

Masharti ni machache lakini hayalegezwi. Mteja hatajwi jina, kanisa, mtaa wala kazi yake, na kila mteja wetu ameelezwa tangu mwanzo, kwa maandishi, kwamba huwa tunatafuta ushauri wa wenzetu bila kumtambulisha. Mmoja wetu akihisi kwamba anamfahamu anayezungumziwa, hutoka nje bila kueleza sababu. Sharti la mwisho lilinikera sana nilipojiunga: hatumwombei mteja katika kikundi, tunamwombea mshauri. Nililiona kama ubahili. Mama yule hakubishana nami, alinitaka nisikilize tu, na baada ya muda nikaona alichokiona yeye. Ukianza kumwombea mteja, maombi hudai maelezo, na maelezo huzaa maelezo mengine. Tena ni rahisi mno kwa mshauri kujificha nyuma ya shida ya mteja wake ili asiulizwe kwa nini amekuwa akikihofia kikao cha Jumanne. Kwa mteja wangu naweza kuomba nikiwa peke yangu, wala Mungu hahitaji mashahidi.

Mengine wanayonisaidia nitayataja kwa kifupi, kama vile kupeana wateja pale mtu anapotaka mshauri mwanamume au mtoto anapohitaji mtu mwenye ujuzi wa watoto, kushikiana zamu wakati wa likizo, na kuambiana ukweli kuhusu ada. Lakini kuna jioni moja ninayoirudia mara kwa mara. Ilikuwa baada ya Mahakama Kuu, Januari 2025, kutamka kwamba Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, ni kinyume cha Katiba. Tulifurahi, kwa kuwa tulijua ni familia ngapi zilizowaficha wagonjwa wao kwa kuogopa polisi. Ndipo mtawa wetu akauliza kama mimbari nazo zitabadilika, maana yapo makanisa ambayo bado hayamfanyii ibada ya mazishi mtu aliyejiua. Tulibishana kwa muda mrefu. Yeye ndiye aliyetukumbusha kwamba Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2283, inakataza kuukatia tamaa wokovu wa watu hao na kusema kwamba Kanisa huwaombea. Nimekulia katika dhehebu lililonifundisha kuwatilia shaka Wakatoliki, na siku hiyo nilipata kwa Mkatoliki maneno niliyokuwa nikiyahitaji kwa ajili ya wazazi fulani waliofiwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana yule ni kwamba atafute wenzake kabla ya kutafuta chumba. Chumba Nairobi hakikosekani ukiwa na kodi. Wenzake awachague kwa kuangalia kama wanaweza kumwambia amekosea na bado wakataka kumwona mwezi ujao. Wanaokubaliana nawe kwa kila jambo wanapendeza, lakini kwa kazi hii hawatoshi.

Jioni ya leo shughuli yetu ilikuwa ya namna nyingine. Mshauri mmoja wa mji mwingine, ambaye baadhi yetu tulimfahamu, alifariki ghafla mwaka jana, na wateja wake walipata habari kwa kukuta mlango umefungwa. Hakukuwa na mtu aliyejua wao ni akina nani, wala aliyeruhusiwa kujua. Tukakubaliana kwamba kila mmoja wetu aandike wosia wa kazi: funguo ziko wapi, orodha ya wateja iko wapi, nani atawapigia simu na kwa maneno gani, majalada yatahifadhiwa na nani, na yataharibiwa lini. Nilikuwa nimedhani mume wangu ndiye angefungua kabati langu, mpaka mama yule aliponiuliza kama wateja wangu wameridhia hilo. Nimemwandika mtawa, naye ameniandika mimi, baada ya kupata idhini ya mkuu wake wa shirika. Kilichotushinda ni simu, kwa kuwa wateja hulipa kwa M-Pesa na kila ujumbe wa malipo huja na jina la mtu, kwa hiyo simu ya mshauri nayo ni jalada, na familia ndiyo huishika kwanza wakati wa msiba. Tumeamua kwamba kila mmoja atatafuta laini ya pili, ya kazi tu, na mkutano ujao tutazileta.