Paneli Isifunguliwe Kabla Boksi la Mwisho Halijafika

Cessna 182, ndege ndogo ya injini moja, ya miaka ya 1970, bado ina gairo za vakyumu (vipimo vinavyozungushwa na mvuto wa hewa) na redio mbili za zamani, inaingia hanga kuwekwa avioniki mpya, yaani vifaa vya kielektroniki vya kurushia ndege. Makadirio yanasema wiki nne. Mwezi wa tatu unakatika na bado imekaa pale pale, paneli wazi, waya zinaning'inia. Mara nyingi kazi ya kuunganisha waya si tatizo. Muda unaliwa na boksi lililokwama njiani, karatasi isiyo na saini, au kasoro iliyojitokeza paneli ilipofunguliwa. Karibu yote hayo yanaweza kupangiwa ndege ikiwa bado inaruka.

Tuchukue mfano wa kawaida: ndege iko uwanja wa Wilson, Nairobi, na vifaa vinatoka Marekani. Mwenye ndege anataka vifaa vya Garmin: GTN 650Xi (redio na GPS pamoja), G5 mbili (skrini ndogo za kuonyesha mkao na mwelekeo wa ndege), GTX 345 (transponda, yaani kifaa kinachoijibu rada) na GFC 500 (otopailoti).

Vifaa vikubwa havisumbui sana, kwa kuwa kila mtu anaviulizia kila siku. Vinavyochelewesha ni vile ambavyo hakuna aliyeviandika: trei ya redio, konekta na pini zake, breka za saketi, antena ya GPS, kebo ya koaksia ya RG-400, kihisi sumaku cha GMU 11, na vishikizo vya servo, yaani mota za otopailoti. Hivyo vishikizo hutolewa kulingana na modeli ya ndege, na mara nyingine kulingana na namba ya fremu pia. Ukiagiza kwa kuandika tu "Cessna 182", utaletewa vya ndege nyingine na wiki kadhaa zitapotea. Andika modeli kamili na namba ya fremu kama ilivyo kwenye kibao cha ndege, halafu uthibitishe kwamba namba hiyo imo kwenye orodha ya idhini ya otopailoti.

G5 huja na betri ya lithiamu, na betri hizo husafirishwa kama bidhaa hatari, zikiwa na lebo na karatasi zake. Muuzaji akikosea fomu moja, mzigo unarudishwa au unalala ghala la uwanja wa ndege. Mwulize mapema atausafirishaje, na umpe wakala wako wa forodha ankara na maelezo ya kila kifaa kabla mzigo haujapaa. Hakikisha pia kila kifaa kinakuja na cheti chake cha kutoka kiwandani, kwa kawaida Fomu 8130-3 kwa vifaa vya Marekani. Kifaa kisicho na karatasi kinaweza kuwa kizima kabisa na bado kisifungwe.

Kuhusu karatasi, anza mapema kuliko unavyodhani inahitajika. STC ya Marekani, yaani idhini ya kubadilisha kitu kwenye aina fulani ya ndege, ni idhini ya nchi hiyo. Ndege yenye usajili wa 5Y, yaani wa Kenya, iko chini ya mamlaka ya Kenya, kwa hiyo badiliko lazima likubaliwe huku. Peleka nakala ya STC, michoro, hesabu ya mzigo wa umeme na nyongeza ya kitabu cha ndege kabla ya kununua chochote cha bei kubwa. Transponda ya Mode S nayo huhitaji anwani ya biti 24 inayotolewa kwa usajili wa ndege hiyo. Fundi awe na anwani hiyo kabla ya siku ya kuiwasha transponda. Tarakimu moja ikikosewa, rada itaona ndege isiyokuwa yako. Redio mpya zinaweza kudai marekebisho kwenye leseni ya redio ya ndege. Na tazama cheti cha ustahiki wa kuruka kinaisha lini. Kikiisha ndege ikiwa hanga, kazi itakwisha na hutaweza kuruka kama kawaida. Ni afadhali ukaguzi mkubwa na kazi ya avioniki viende pamoja, maana sakafu na viti vitakuwa vimeshatolewa.

Kabla ya kuagiza, mwombe fundi afungue kidogo atazame nyuma ya paneli. Saa mbili zatosha, tena ndege itaruka jioni ile ile. Apime kina: GTN ikishachomekwa konekta hukaribia sentimita 30, na kwenye ndege nyingine hapo ndipo zinapopita nyaya za usukani au mabomba ya hewa. Aangalie volti, kwa sababu 182 za hadi 1977 kwa kawaida ni volti 14 na za kuanzia 1978 ni 28. Aangalie pia otopailoti ya zamani, kama itabaki, inapata wapi habari zake. Otopailoti nyingi za S-TEC husoma kionyesha mgeuko, na ukikitoa ili kupata nafasi ya G5, otopailoti imekufa. Agundue pia waya zenye ganda lililokauka na kupasuka, na plastiki za kufunika paneli. Plastiki hizo za miaka hamsini huvunjika zikiguswa. Tafuta mbadala wake sasa.

Jambo linalookoa muda kuliko yote ni kutengeneza fungu la nyaya mezani, ndege ikiwa bado kazini. Konekta kuu ya GTN ina pini 78, ndogo na zimebanana. Kila pini hubanwa kwenye waya kwa koleo lake maalumu, ikavutwa kidogo kuona kama imeshika, halafu ikasukumwa kwenye konekta hadi ilie "tik". Isipolia, bado haijafunga. Itarudi nyuma konekta zikikutanishwa, redio itafanya kazi vizuri chini na kukatika kwenye mawingu yenye mtikisiko, na fundi atatafuta kosa hilo siku nzima akiwa amelala chali chini ya paneli. Mezani, kwenye mwanga, ni kazi ya dakika. Pimeni pini zote kwa mita ya umeme kabla fungu halijaingia ndani.

GMU 11 nayo ina tabia yake. Kwa kawaida hufungwa bawani, mbali na chuma na waya zenye mkondo mkubwa. Fanyeni upimaji wa usumaku kabla ya kupiga ribiti: washeni taa za ncha, taa za kumetameta, hita ya pitoti (mrija wa kupimia mwendo) na mota ya flapu, moja moja, mkiangalia kama mwelekeo unaruka. Skrubu za chuma zilizo karibu zibadilishwe kwa zisizo na sumaku.

Kwa muda, fundi akisema wiki nne, panga kuishi bila ndege wiki nane, na weka kando kama sehemu ya tano ya bajeti kwa yatakayojitokeza. Anayeitegemea ndege kwa kazi agawe mara mbili: kwanza transponda na G5, baadaye GTN na otopailoti, nyaya za awamu ya pili zikiachwa tayari zimefungwa vizuri. Gharama ya kazi itapanda, lakini ndege haitapotea msimu mzima. Anayeruka wikendi tu afanye yote kwa pamoja.

Injini isisahauliwe. Ikikaa miezi miwili, hasa Diani au Malindi, silinda hushika kutu. Badilisheni mafuta kabla ya kuanza, nyunyizieni mafuta ya hifadhi kwenye silinda na kufunga plagi za kukausha unyevu, kwa maelekezo ya mtengenezaji. Kuiwasha dakika tano kila wiki si msaada: mafuta hayapati joto la kufukuza maji, na unyevu huongezeka. Umeme wa kuweka programu utoke kwenye chaja ya nje. Betri ikishuka katikati ya kusasisha, kifaa kinaweza kurudishwa kiwandani. Bima nayo iombwe ibadilishwe kuwa ya ndege iliyo chini.

Mwenye mashine ya kupima pitoti na hewa tuli awekewe siku mapema, na mirija ya zamani ya mpira ibadilishwe yote kabla hajafika, kwani ikiguswa tu huvuja. Baada ya hapo kuna dira ya kurekebisha na uzito mpya wa kuandikwa. Redio za zamani zisiuzwe mpaka mpya ziruke saa kumi. Omba pia hanga kwa siku mbili, wiki mbili baada ya kukabidhiwa ndege, kwa ajili ya kelele kwenye vipokea sauti na hitilafu zitakazojitokeza angani.