Gemu imeacha kukwama: shida ilikuwa kwenye kupandisha data (upload)

Nacheza gemu ya mpira mtandaoni. Kila saa mbili usiku ping (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) ilipanda kutoka milisekunde 40 hadi 600. Napiga pasi, mpira umeganda mguuni, kisha naona goli limeshaingia. Nilizima ruta na kuwasha, nikaongeza kifurushi, nikavuta waya hadi sebuleni. Wapi!

Kumbe simu za nyumbani zikirudi jioni zinapandisha picha za siku nzima. Njia ya kupandisha ikijaa, data za gemu zinapanga foleni ndani ya ruta.

Nilipima kasi ya kupandisha: Mbps 5. Nikaingia mipangilio ya ruta, sehemu ya QoS (inayopanga data ipi ipite na kwa kasi gani), nikaweka kikomo cha kupandisha Mbps 4. Nilipoweka 5 kamili hakikusaidia; lazima kiwe chini kidogo ya kasi yenyewe. Sasa ping ni 45, hata picha zikipanda.