Nilivyoamua Kutobadili Difu ya Hilux Yangu

Kwa muda wa miezi minne hivi, kila fundi niliyemweleza tatizo la Hilux yangu alinijibu kwa neno lile lile, difu, yaani zile gia za katikati ya ekseli zinazopeleka mwendo kwenye tairi, lakini kila mmoja alikuwa na difu yake. Wa kwanza alisema niweke difu ya mbio ili injini isihangaike na mafuta yapungue. Wa pili alisema niweke difu ya nguvu ili gari lipande mwinuko na mzigo wake. Wa tatu, mwenye gereji maeneo ya Nyakato hapa Mwanza, alisema nimwachie gari na karibu milioni mbili, kwa kuwa yeye anajua inayofaa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza gari lina difu ya namba gani kwa sasa, na jambo hilo linaniudhi hadi leo, kwa sababu nilikuwa nimebakiza siku moja tu kuzitoa fedha hizo.

Gari lenyewe linavuta kwa magurudumu yote manne, na injini yake ni 3L, dizeli ya sentimita za ujazo 2,779 isiyo na tabo. Linabeba dagaa wakavu kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Shinyanga, na siku nyingine linashuka Kayenze kuchukua mzigo ufukweni kwa wavuvi. Nililinunua likiwa na tairi za 225/75R15. Baadaye nikafunga 265/70R16 pamoja na ringi zake, kwa kuwa nilitaka liinuke juu ya mawe ya huko mwaloni, na kweli liliinuka kama sentimita tatu. Tangu hapo likawa zito. Miinuko niliyozoea kuipanda kwa gia ya nne ikawa inanidai ya tatu, gia ya tano ikawa haina kazi nikiwa na mzigo, na dizeli ya safari ya Shinyanga ikaonekana kupanda kupita kiasi.

Niliamua kuijua difu yangu mwenyewe kabla ya kununua nyingine. Namba ya difu ni idadi ya mizunguko ambayo propela shafti, ule mhimili unaotoka giaboksi hadi kwenye difu, inazunguka ili tairi zizunguke mara moja (namba ndogo ni difu ya mbio, kubwa ni ya nguvu), kwa hiyo nilidhani kazi ni kuinua gari, kuzungusha tairi na kuhesabu. Nikainua ekseli yote ya nyuma, nikaweka gia huru, nikachora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela. Nilipozungusha tairi la kulia, la kushoto lilizunguka kinyume na propela ikabaki imetulia. Nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea gia. Kisha nikashusha upande mmoja ili tairi la kushoto likae chini, nikazungusha la kulia mzunguko mmoja, na propela ikazunguka mara mbili na kitu kidogo. Kijana aliyekuwa akinisaidia akasema, "Kaka, hii ni difu ya mbili," na kwa dakika chache nilimwamini.

Usiku nilikaa na karatasi hadi nikaelewa. Tairi moja likiwa limezuiwa na jingine linazunguka, gia ndogo zilizomo ndani ya difu zinagawa mwendo, na krauni, ile gia kubwa ya difu, inazunguka nusu tu ya mizunguko ya tairi lililo hewani. Maana yake ni kwamba tairi hilo likizunguka mara mbili, krauni imezunguka mara moja. Hata hivyo mizunguko miwili haitoshi, kwa sababu ni rahisi jicho kukosea kati ya 4.1 na 4.3 kwa mstari wa chaki. Asubuhi niliweka mawe mbele na nyuma ya tairi za mbele, nikaachia hendibreki, nikainua gurudumu moja la nyuma juu ya stendi, nikalizungusha mara ishirini kamili, naye kijana akalala pembeni akihesabu propela kwa sauti. Alipofika arobaini na tatu tairi langu lilikuwa limerudi kwenye alama. Arobaini na tatu kwa kumi: difu ya 4.300. Nilirudia mara mbili nyingine kwa furaha tu, maana jibu halikubadilika.

Baada ya hapo hesabu ilijipanga yenyewe. Tairi la zamani lina kimo cha milimita 718 hivi na kubwa lina 777, tofauti ya takriban asilimia 8. Nikiwa kwenye gia ya nne, ambayo giaboksi inapitisha mwendo moja kwa moja bila kuuzidisha, mwendo wa kilomita 80 kwa saa ulikuwa unaihitaji injini izunguke mara 2,540 hivi kwa dakika na tairi za zamani, lakini kwa tairi kubwa ilibaki 2,350. Ni sawa na mtu aliyekuondolea difu ya 4.3 akakufungia ya 3.97 bila kukuambia. Kwa maneno mengine, difu ya mbio niliyoshauriwa na fundi wa kwanza nilikuwa tayari ninayo, nimeinunua kwa jina la tairi.

Suala la mafuta nalo lilikuwa na uongo ndani yake. Spidi mita inapokea mwendo kutoka kwenye giaboksi, haijui ukubwa wa tairi. Nilipolinganisha na simu, dashibodi ilisoma 80 huku simu ikisoma 86 au 87. Safari ya kilomita kama 160 ilikuwa inaandikwa kuwa 148, nami nilikuwa nagawanya lita kwa kilomita hizo pungufu na kujitia hofu. Ulaji uliongezeka, ni kweli, lakini si kwa kiasi nilichokuwa nakilalamikia.

Basi ilibaki difu ya nguvu. Ya 4.556 ingelirudisha gari karibu kabisa na lilivyokuwa, na ningeliifunga laiti ningeendelea na tairi kubwa. Nilipokwenda kuangalia mtumba, muuzaji aliniletea moja akiapa kuwa ni ya nguvu, imetoka kwenye gari la kazi. Nilimwomba chaki. Nikatia alama jino moja la krauni, nikaanza kuhesabu nikisukuma grisi kwa kidole gumba ili nisiruke jino, nikafika 41. Pinioni, gia ndogo inayoizungusha krauni, ilikuwa na meno 10. Hiyo ni 4.100, ya mbio zaidi kuliko niliyokuwa nayo, na ingelizidisha ugonjwa. Ya 4.556 ina meno 41 kwa 9, kwa hiyo anayehesabu krauni peke yake anaweza kuuziwa moja kwa bei ya nyingine. Tafadhali hesabu zote mbili.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa difu ya mbele. Fundi wa Nyakato alipanga kubadili ya nyuma tu, "kwa sababu ya mbele huitumii kila siku, bosi." Kayenze naitumia. Nyuma ikiwa 4.556 na mbele 4.300, kila tairi za nyuma zikienda mita 100, za mbele zinataka kwenda karibu 106, na propela zote mbili zimefungwa pamoja. Kwenye mchanga tairi zitateleza na kuvumilia, lakini ukijisahau ukapanda nayo kwenye lami, kitakachokatika ni shafti au gia. Kubadili zote mbili, pamoja na beringi, sili na fundi mwenye kifaa cha kupima nafasi kati ya krauni na pinioni, kulikuwa kunapita mbali ile milioni mbili. Tena huko mchangani sikuwa na shida ya nguvu, kwa kuwa ile gia ndogo ya kuvuta magurudumu manne inaongeza nguvu zaidi ya mara mbili.

Ringi za zamani zilikuwa bado stoo. Nilinunua tairi nne za 225/75R15 kwa laki tisa na kitu, gari likarudi kupanda kwa gia ya nne likiwa na magunia yake, na dashibodi na simu zikaanza kusema namba zinazokaribiana. Zile kubwa alikuja kuzitaka mfanyabiashara mmoja wa Sengerema mwenye Hilux kama yangu. Kabla sijapokea fedha yake nilimwomba aniruhusu kuinua gurudumu moja la nyuma. Tulizungusha mara ishirini, propela ikasimama kwenye arobaini na tano na nusu, yaani difu ya 4.556, nikamwambia azichukue bila wasiwasi.