Siku moja getini: helmeti, testi ya saa mbili na ng'ombe wa mzee

Saa 11 alfajiri nishaamka, na kama unaijua Dodoma ya mwezi wa saba unaelewa namaanisha nini, upepo unapiga bati usiku kucha na baridi yake kavu inachana midomo. Nakaa Nkuhungu, kazi yangu ulinzi kwenye geti la chuo kimoja nje kidogo ya mji, zamu ya mchana. Watu wakisikia mlinzi wanadhani nakaa kibandani nasikiliza redio nikisubiri mwizi, kumbe kutwa nzima nashughulika na magari na pikipiki, wezi wenyewe wala hawanisumbui.

Saa 12 kasoro nakabidhiwa kitabu cha OB, kile cha kuandikia matukio, rejista ya magari, kirungu na rifleta, kizibao kinachong'aa kikimulikwa na taa. Rifleta naivaa kabla hata sijasalimia mtu maana saa hizo bado kuna giza, na anayerudi rivasi na vioo vina vumbi hawezi kumuona mtu mwenye koti jeusi, hata akitaka.

Kuanzia saa 1 mpaka saa 2 na nusu ndo vita yenyewe. Sheria za hapa ni fupi tu: mwendo usizidi kilometa 30 kwa saa, helmeti dereva na abiria, hakuna mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja kwenye pikipiki, gari la mfanyakazi liwe na stika na la mgeni liandikwe. Sasa njoo uone. Boda anakuja helmeti ya pili kaitundika kwenye kiwiko, akifika karibu na kibao chetu anasimama, abiria anavaa, wanapita mbele yangu wametulia kama maharusi, "shikamoo mama", marahaba wanangu, wakishaipita ile miarobaini tu abiria anaivua. Namuona kabisa! Wadada wanasema inaharibu nywele na inanuka jasho la watu, na kwenye harufu nawapa haki yao jamani, helmeti moja inazunguka kwenye vichwa vya mji mzima. Ndo maana nawaambia beba hata kitambaa chako ujifunge kwanza ndo uvae. Ila mkanda wa kidevuni sasa, huo hafungi mtu, na helmeti isiyofungwa ukianguka inatangulia yenyewe, kichwa kinafika chini kitupu.

Leo nikasimamisha mshikaki, boda na wanafunzi wawili. "Mama tuna testi saa mbili, tusamehe." Mmoja nikamshusha, nikamwambia mwanangu tembea, ni dakika kumi tu hapo. Yule boda akanuna, eti bora trafiki wa barabarani unalipa elfu kumi mnaachana. Kweli tangu 2021 faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka elfu 30 ikawa elfu 10, lakini mimi sina faini wala kimashine, nina hili bomba la geti tu, na muda, na muda ndo kitu mwanafunzi mwenye testi hana.

Saa 4 dokta mmoja kafika bila stika, anapiga honi nifungue, nikamwambia dokta shikamoo, naomba uandike hapa. Hakupenda. Kaandika.

Saa 5 pakapoa. Mwalimu wa fizikia alikuwa anamsubiri mgeni wake pale kivulini, tukapiga stori za hao vijana, akachukua kalamu yangu akanipigia hesabu nyuma ya rejista. Ukiwa na mwendo wa 30, kila sekunde unakula mita 8 na ushee. Ukiwa 60 ni mita 16 na zaidi. Dereva kushtuka mpaka mguu ufike kwenye breki, sekunde moja ishaenda, yaani hujaanza hata kupunguza. Halafu akaniambia kilichonikaa kichwani mpaka sasa, kwamba ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kuburuza breki mpaka usimame unakuwa mara nne, sio mara mbili! Nikamuomba akizungushie duara nisikipoteze, mchana nimewaonyesha boda watatu wanaopaki nje ya geti, wawili wamecheka, mmoja kauliza je na ukiwa umebeba mtu? Huyo nampenda.

Maana shida yetu kubwa haipo getini. Ipo kule kwenye mteremko wa kwenda hosteli, lami nyororo, ndefu, na wanafunzi wanatembea barabarani kwa sababu pembeni ni mchanga na miiba, wengi na spika za masikioni. Hapo ndo pikipiki zinaachiwa, bajaji zinazima injini kuokoa mafuta, na hakuna wa kuwaangalia. Kwa maoni yangu matuta mawili na zebra pale yangefanya kazi kuliko vibao vyote tulivyonavyo, na yapakwe rangi, tuta lisilo na rangi usiku linamrusha boda kabla hajaliona. Nimeshaandika kwenye OB, leo nimeandika tena, safari hii na ile hesabu ya mwalimu.

Mchana ugali na mlenda, haraka haraka.

Saa 10 yule mzee Mgogo kapitisha ng'ombe wake wanarudi majini. "Mbukwenyi!" Naye akaitika, akasimama katikati ya lami na fimbo yake. Jamani, magari yote yalisimama, lile la dokta, boda wangu wa asubuhi, coaster ya wanafunzi, kimya, hakuna honi. Hata kibao hana. Nikamuuliza babu huwezi kuja asubuhi? Akasema asubuhi ng'ombe wana njaa, hawasubiri mtu.

Saa 12 mwenzangu kaja, tochi haina betri, nikamuachia yangu na rifleta. Bajaji ya kurudi mjini dereva akataka kumuweka kijana wa nne mbele pembeni yake, kwenye usukani kabisa. Nikamwambia mwanangu huyo akikaa hapo mimi nashuka, na abiria wawili niliokaa nao nyuma nao wakasema wanashuka. Kijana akasubiri bajaji ya nyuma.